Upondo Uliosahauliwa Kwenye Hesabu

Kama unasomewa haya ukiwa umelala, na anayekusomea ana uso wa msibani, mwambie kwanza akae vizuri na aache kuguna. Mimi sikuja kukupa pole. Pole nilipewa nyingi mwaka ule, na hakuna hata moja iliyonifikisha chooni. Nakuandikia kwa sababu miguu iliniacha nikiwa mtu mzima mwenye mke, mtoto na kazi, na watu wote walionizunguka, wanaonipenda na wasionipenda, walikubaliana kwamba yangu yamekwisha. Mimi sikukubali. Nitakusimulia ilivyokuwa, na ya aibu nitayasema, maana wengine huyaruka halafu mgonjwa anadhani ni yeye peke yake.

Jina langu Alfonsi. Ni Mndamba, na kazi ya nyumbani kwetu ni kuvusha watu. Hatukuwa kwenye kivuko kikubwa cha barabarani. Sisi tulikuwa juu zaidi, upande wa kwenda Malinyi, kwenye mkono wa mto Kilombero ambao kiangazi unauvuka kwa miguu na masika unameza mashamba. Babu alivusha, baba alivusha, na baba alipofariki upondo nikaushika mimi. Upondo ni ule mti mrefu unaousukumia chini ya mto ukiwa umesimama nyuma ya mtumbwi. Mtumbwi wetu ni gogo moja lililochongwa, jembamba, na ukisimama vibaya unawamwaga wote. Basi mvushaji anasimama kwa nyayo zake. Nyayo ndizo zinazomwambia mtumbwi unataka kulalia upande gani, kabla macho hayajaona lolote. Nakueleza haya ujue nilinyang'anywa nini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, msimu wa kuvuna mpunga. Nilipata homa, nikalala siku nne, ikapita. Nikasema ni malaria, nani asiyeijua. Wiki ya pili vidole vya miguu vikaanza kuwaka kama nimekanyaga upupu, kisha vikaacha kuwaka, na baada ya hapo havikuwa na habari yoyote. Ganzi ikapanda hadi vifundoni, ikapanda hadi magotini. Mke wangu Kostansia ndiye aliyegundua. Nilikuwa nimekaa karibu na mafiga nikizungumza maneno yangu, yeye akasikia harufu, akageuka, akaona kisigino changu kimeegemea kijinga cha moto.

"Baba Monika, wewe huungui?"

"Naungua wapi?" nikamjibu, tena kwa ukali, kama yeye ndiye mwenye makosa.

Akauvuta mguu na kunionyesha. Ngozi ilikuwa imebabuka, na mimi nikaitazama kama naangalia mguu wa jirani. Hapo niliogopa. Nilimficha mke wangu nisionekane naogopa, nikaanza kumlaumu kwamba moto wake mkubwa mno.

Siku chache baadaye sikuweza kusimama kabisa. Mikono nayo ikalegea, kijiko kikawa kinanidondoka. Wakanilaza ndani ya mtumbwi wangu mwenyewe, mdogo wangu Tadei akapiga upondo hadi penye barabara, na kutoka hapo lori likatupeleka Ifakara, hospitali ya misheni. Njia nzima ya majini nilimtazama Tadei. Alikuwa anaukita upondo mbali mno, mgongo wake unafanya kazi bure. Nikamwambia.

"Kaka, nyamaza upumzike," akasema.

Nilitamani kumrushia kitu, ila mikono haikuwa yangu.

Kama bado hujakaa kwenye benchi la hospitali, jiandae. Benchi la pale lilikuwa refu, la mninga, limelainishwa na makalio ya bonde zima. Unafika alfajiri, unakaa, jua linakufuata kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, na jina lako halijaitwa. Kila aliyeko hapo anataka kujua wewe unaumwa nini ili amshukuru Mungu kwamba yeye ni kikohozi tu. Mama mmoja wa Mlabani aliniuliza waziwazi kama nimerogwa. Nikamwambia ndiyo, na uchawi wenyewe unaambukizwa kwa maswali. Akasogea hadi mwisho wa benchi, nikapata nafasi ya kunyoosha miguu. Huo ulikuwa ushindi wangu wa kwanza, na nakushauri uyahesabu mambo madogo kama hayo, maana makubwa yanachelewa.

Walinilaza wodini, nikaanza sindano. Sitakueleza ugonjwa uliitwaje, jina lake halinisaidii mimi wala wewe. Sindano za awamu ya kwanza zilichukua muda wote wa kuvuna hadi watu walipomaliza kupiga mpunga. Mashavu ya miguu yakanywea hadi mfupa ukaonekana umbo lake. Haja ndogo ilinitoka bila taarifa. Kostansia alikuwa analala kwenye mkeka chini ya kitanda changu, ananigeuza, ananiosha, anafua nguo, na huku nyumbani mpunga wetu unaliwa na ndege kwa kuwa hakuna wa kuwafukuza. Mtoto wetu Monika tulimwacha kwa shangazi yangu Yustina, dada mkubwa wa marehemu baba, ndiye mkubwa wetu sote nyumbani.

Siku moja nilimfokea Kostansia kwa sababu uji umepoa. Akaweka bakuli chini.

"Unafikiri unaumwa peke yako?" akasema. "Mimi nanuka mkojo wako hata nikiwa kanisani. Shamba limekwenda. Mtoto simwoni. Ukitaka kunifokea, nifokee kwa kitu cha maana."

Akatoka. Nililia, nakwambia kweli, nililia nimejifunika shuka. Aliporudi jioni akaanza kunikanda miguu kwa mafuta ya ufuta kama kila siku. Sikuhisi mikono yake ilipopita, lakini niliiona, nikamwambia asante. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu tuingie pale.

Awamu ya kwanza ilipokwisha, mikono ikarudi. Ilirudi yote, nguvu na kuhisi, hata chembe ya mchanga naitambua. Miguu ilirudisha nguvu kidogo kidogo, lakini kuhisi hakukurudi. Hii ni hali ya ajabu na kama unayo unajua ninachosema. Unaweza kuukunja mguu, unaweza kuunyoosha, lakini usipoutazama hujui uko wapi. Nilijifunza kusimama nikikodolea vidole vyangu. Sista mmoja mzee akaniambia nifumbe macho ajaribu kitu. Nikafumba, nikaenda chini kama gunia, yeye akanidaka kwapani.

"Nitamwita Bwana Samaki," akasema.

Bwana Samaki alikuwa mzungu mtafiti aliyepanga kibanda nyuma ya mti wa mwembe-ng'ong'o, nje ya ua. Hakuwa mganga. Jina tulimpa sisi wagonjwa, kwa kuwa alikuwa na beseni kubwa la bati lenye perege wadogo, na kulizunguka beseni hilo alitundika kitambaa chenye mistari myeusi na myeupe kinachozunguka kwa mpini. Akizungusha kitambaa, samaki wote wanageuka na mistari, wanadhani wao ndio wanaochukuliwa na maji. Yeye anatazama saa yake, anaandika, kisha anakwenda kwenye mashine ya chuma yenye namba, ya kufanyia hesabu, anazungusha mpini wake, kriki kriki, kriki kriki, hadi namba zinajipanga. Watu walisema anatafuta dhahabu ndani ya samaki. Alikuwa mrefu, mpole, Kiswahili chake cha kanisani, na hakuwa na haraka na kitu chochote.

Alinieleza kazi yake kwa uzuri, nami nitakupa kama nilivyoelewa. Kinachofanya kiumbe kisianguke ni habari zinazoletwa kichwani mwake. Macho yanaleta, kitu fulani ndani ya masikio kinaleta, na mwili wenyewe unaleta, kwa mtu hasa nyayo. Kichwa kinazijumlisha habari hizo, nyingine kikizipa uzito mkubwa, nyingine mdogo, halafu kinatuma amri kwa misuli. Yeye alitaka kuuandika mjumlisho huo kwa namba, ili ukimpa habari zilizoingia akupe mwendo utakaotoka. Kwa samaki alikuwa amekaribia. Mtu alikuwa bado, na mtu ambaye nyayo zake hazileti kitu chochote alikuwa hajawahi kumpata.

"Wewe utanisaidia sana, Alfonsi," akasema.

"Na wewe utanisaidia nini?"

Akafikiri kidogo. "Sijui bado," akasema. Nikampenda kwa jibu hilo, maana wengine wote walikuwa wanajua.

Basi majira yale ya joto, kabla mvua za kwanza hazijaja, nilifanywa perege. Alishona shuka za mistari, akazitundika kwenye duara la fito, akanisimamisha katikati. Sista anasimama nyuma yangu anidake. Bwana Samaki anazungusha mistari, na mimi, ambaye sijaguswa na mtu, naanguka upande ule inakoelekea. Kila mara. Macho ndiyo yaliyobaki, na macho yalikuwa yanadanganywa na shuka. Baadaye akaniweka kwenye ubao juu ya magogo mawili unaoyumba, na hapo sikumaliza hata pumzi tatu. Nilikuwa nacheka kwa hasira. Kostansia alikuwa anakuja kutazama, akasema afadhali samaki hawana wake.

Alizungusha mashine yake siku nyingi. Mwisho akaniita akanionyesha karatasi.

"Kwenye ardhi utatembea, mchana, ukitazama miguu. Kwenye kitu kinachoelea, ukisimama, hesabu haifiki. Maji yanang'aa, yanakwenda, macho yatadanganywa kama hapa. Nasikitika."

Hakusema kwa ubaya. Lakini wiki hiyohiyo Tadei alikuja kunitazama, akamsalimu, akamuuliza hali yangu, naye kwa uaminifu wake akamwambia vilevile. Tadei akaondoka na maneno yale hadi nyumbani.

Hapa lazima nikueleze desturi ya nyumbani kwetu. Kila mwaka mto ukipanda mara ya kwanza, kabla hajavushwa mgeni yeyote, mwenye kivuko anamvusha mkubwa wa nyumba hadi ng'ambo. Anampeleka, yeye mvushaji akiwa amesimama mwanzo hadi mwisho, na mkubwa akikanyaga ng'ambo kivuko kimefunguliwa, na aliyemvusha ndiye mwenye kivuko hadi mto upande tena. Asiyevusha siku ile si mwenye kivuko. Haina mjadala.

Tadei alirudi na ujumbe wa ukoo. Alikaa pembeni ya kitanda akizungusha kofia mkononi.

"Kaka, wamekaa. Wamesema mwaka huu nimvushe shangazi mimi. Na wewe na shemeji mtakwenda Mahenge kwa mjomba. Kule juu hakuna maji ya kukusumbua. Utakaa barazani, utasuka mikeka, mjomba amekubali kuwalisha."

"Na mimi wameniuliza lini?"

"Bwana mwenyewe amehesabu, kaka. Kwa mashine."

Nikamwambia aondoke. Nilimwambia na maneno mengine ambayo sista aliyasikia, akafanya ishara ya msalaba. Tadei hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa anaogopa nife mtoni. Lakini mimi nilijiona nimekaa Mahenge mlimani, nasuka mikeka, watu wananiletea ugali na kuniambia leo umechangamka, na nilijua ningekufa mapema zaidi kuliko mtoni. Nilimwambia Kostansia. Nilidhani atafurahi, maana Mahenge ndiko kwao. Hakufurahi.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Nataka kumvusha shangazi."

Kesho yake akapanda lori akaenda nyumbani, nikasema basi, amenichoka, na nani angemlaumu. Siku ya tatu akarudi. Alikuwa amebeba furushi la mchele kichwani na upondo wangu begani, mti mrefu kuliko mlango wa wodi, wagonjwa wote wakakaa vitandani kutazama. Alikuwa ameuchukua pale Tadei alipouegemeza, na Tadei alipouliza akamwambia akate wake.

"Siupeleki Mahenge," akasema. "Huko hauna kazi."

Nilikuwa naushikilia tu, kwa mapenzi, kama mtu anavyoshika nguo ya marehemu. Siku iliyofuata nikaingia nao kwenye shuka za mistari kwa sababu sikutaka kuuacha wodini. Bwana Samaki akasema hakuna shida. Nikaukita chini pembeni, vidole vimeushika taratibu, akazungusha mistari. Mistari ikaenda. Nikayumba kidogo. Nikabaki nimesimama.

Akasimamisha shuka. Akazungusha tena, kwa kasi zaidi. Nikabaki nimesimama.

"Unaegemea," akasema.

"Siegemei."

"Lazima unaegemea."

Nikakasirika. "Bwana, mimi napiga upondo tangu sijabalehe. Ukiegemea upondo, mtumbwi unakwenda wewe unabaki umening'inia juu ya mto. Hata mtoto wa kwetu haegemei. Upondo unasikilizwa kwa vidole. Unakwambia chini kuna tope au mchanga, na unakwambia mwili wako unakwenda wapi."

Alinitazama. Kisha akatoka nje, akaelekea kwenye madimbwi nyuma ya ua, akarudi na tete moja refu, bichi, jembamba kama kidole cha mtoto. Ukiegemea tete lile linapinda na kulala papo hapo. Akaniambia nilishike badala ya upondo. Nikalishika kwa vidole viwili. Alizungusha mistari hadi jasho likamtoka, na sista alikuwa ameshaweka mikono tayari kunidaka, na mimi sikwenda popote. Akanipandisha kwenye ubao wa magogo. Niliyumba vibaya, nikatukana, nikasimama.

Unajua alifanya nini? Alikaa chini kwenye vumbi, akacheka. Mtu amekosea hesabu ya miezi, anacheka kwa furaha.

"Niliwapima wote mikono ikiwa mitupu," akasema. "Samaki hana mkono. Nikasahau kwamba mtu ana mkono, na mkono una kitu."

"Basi ongeza mkono," nikamwambia.

Akaongeza. Alizungusha mashine siku mbili, akaja na karatasi mpya yenye mstari mmoja zaidi wa namba. Kwa hesabu hii nilikuwa nasimama. Lakini alikuwa mkweli, na ukweli wake haukunipa usingizi.

"Na pale upondo usipofika chini?" akauliza. "Ukishika mti unaoelea, hauna habari ya kukuletea."

Kwenye kivuko chetu, katikati, pana mkondo mzito ambapo masika upondo haufiki chini. Sisi hapo huweka upondo, tunachukua kafi ndefu na kupiga tukiwa tumesimama vilevile, hadi maji yanapopungua kina. Ni mwendo mfupi. Kwa mtu mwenye nyayo ni mwendo mfupi.

"Nitajua nikifika," nikasema. Nilikuwa nadanganya, sikujua chochote.

Nilitoka hospitalini mvua za kupandia zilipokuwa zimeshika, na sindano za awamu ya pili nikizifuata kila wiki kwa miguu yangu, fimbo mkononi, macho chini. Kila asubuhi Kostansia alikuwa ananisukumia mtumbwi wa kuazima kwenye dimbwi lililofika kiuno, nyuma ya nyumba ya ndugu yake aliyetupokea pale Ifakara. Nilianguka mara nyingi mno. Yeye anasimama ndani ya maji, ananivuta shati, ananirudisha. Matope yaliingia masikioni. Ndugu yake alikuwa anatoka nje, anatazama, anarudi ndani akitikisa kichwa. Nilijifunza kushika upondo upya: zamani niliutoa wote majini kabla ya kuukita tena, sasa nikawa naukokota, ncha isiache udongo. Ni mwendo wa pole pole, na haupendezi kuutazama. Na nilijifunza mtumbwi ukiyumba nisitazame maji, nitazame mti uliosimama ukingoni. Kama na wewe umepoteza nyayo, chukua hilo: tafuta kitu cha kugusa, hata kiwe tete, na kitu kisichokwenda cha kutazama. Usingoje uhisi kwanza ndipo usimame. Mimi hadi leo sihisi.

Habari ikaja kwamba mto umepanda. Tulifika nyumbani siku yenyewe, asubuhi. Watu walikuwa wamejaa ukingoni, ukoo wote, na Tadei amekwisha simama nyuma ya mtumbwi na upondo wake mpya. Shangazi Yustina alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa kanga mpya, miguu mitupu.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba. Umekonda. Unataka nini?"

"Nimekuja kukuvusha."

Wazee wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja akasema nimekuja kumuua mkubwa wao. Mwingine akataja mashine ya mzungu. Tadei alinitazama miguu, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Kaka, nakuomba," akasema. "Ukizama naye, mimi nitaishije?"

"Toka kwenye mtumbwi," nikamwambia.

Hakutoka. Shangazi akainuka, akachukua muda wake, akaja hadi ukingoni, akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Tadei, mwanangu, shuka," akasema. "Mimi nimezeeka, nikifa leo hamtapungukiwa kitu. Huyu nikimkatalia leo, nimemzika mzima."

Tadei akashuka. Akaushika mtumbwi kwa mikono miwili ili nipande, na sikumkatalia, maana kupanda ndiko kugumu kuliko yote. Shangazi akakaa katikati. Kostansia aliingia majini hadi mapajani, akatusukuma, akaachia.

Nusu ya kwanza sikumbuki kama nilipumua. Niliukokota upondo, ncha chini, vidole vinasikiliza, macho kwenye mkuyu wa ng'ambo. Tope. Tope. Mchanga. Mtumbwi ulilalia kushoto na mkono ukanijulisha, nikarudi. Shangazi hakushika kingo za mtumbwi hata mara moja, alikuwa ameweka mikono mapajani kama yuko misani.

Kisha nikasukuma upondo na haukukuta kitu.

Tulikuwa tumefika kwenye mkondo. Mti ukalegea mkononi, na papo hapo mwili wangu ukapotea, sikujua kama nimesimama wima au nimeinama. Maji yalikuwa yanapita kwa kasi, yanang'aa, mkuyu ukaanza kuelea. Nilijua nina muda mdogo sana. Nilimkumbuka baba akisimama pale kifua mbele na kafi ndefu, nikajua wazee wote ukingoni wanangoja kuona kitu kimoja tu. Na hasira ikanipanda, safari hii si kwa mzungu wala kwa Tadei. Miezi yote nilikuwa nimekataa kutii karatasi ya mtu. Kwa nini nimzamishe shangazi yangu ili nitii namna baba alivyoweka miguu yake?

Nikaketi.

Nikalaza upondo ndani, nikachukua kafi, nikapiga nimekaa kitako kama mwanamke anayekwenda kuchota maji. Nikasikia sauti kutoka ukingoni, mzee mmoja anapaza, "Ameketi, ameketi huyo." Nikapiga. Mkondo ulitutupa chini kidogo, nikaurudisha mtumbwi, nikapiga hadi mabega yakawaka. Maji yalipogeuka rangi, nikajua kina kimepungua, nikashusha upondo, ukagota mchanga. Nikashika kwa vidole, nikainuka, taratibu, goti moja, goti la pili, nikasimama. Tukaingia kwenye majani ya ng'ambo nikiwa nimesimama.

Ng'ambo kulikuwa na wazee wawili waliokuwa wakingoja kushuhudia. Mmoja wao alikuwa mkali, hakunipa hata salamu.

"Dada Yustina, ameketi katikati. Sote tumeona. Haihesabiki."

Shangazi alinipa mkono, nikamshika asimame, akatoka kwenye mtumbwi, akakanyaga nchi kavu. Akainua kanga yake hadi vifundoni. Akainua mguu mmoja akamwonyesha, akauweka chini, akainua wa pili.

"Mimi nilikuwa ng'ambo ile, sasa niko ng'ambo hii," akasema. "Nitazame vizuri miguu. Imelowa?"

Mzee akatazama miguu ile. Akashika kidevu chake.

Mimi nilikuwa bado nimesimama nyuma ya mtumbwi, upondo mchangani, jasho linaingia machoni, sithubutu kujifuta kwa sababu mkono ule ndio ulionishikilia. Nilikuwa nangoja aniambie hongera. Shangazi akanigeukia, akashika kingo za mtumbwi, akarudisha mguu ndani.

"Haya, Alfonsi, nirudishe," akasema. "Nina mpunga nimeanika, na hawa wote watakaovuka leo wanakungoja wewe."